Anayeanza roki mbadala: apewe magwiji au aulizwe sikio lake?

Mleta mada:

Wakuu, hili najua linawasha watu, ila naomba tulijadili. Mtu akikuambia "nimechoka na nyimbo zangu zilezile, nipe wasanii wapya wa roki mbadala (alternative rock)", unamwanzishia wapi?

Miaka yote nilikuwa na msimamo mmoja: aanze na msingi. Juzijuzi rafiki yangu aliniomba, nikamwandikia majina ishirini na mawili, kuanzia bendi ya R.E.M. na albamu yao ya kwanza ya 1983, nikashuka nayo mwaka kwa mwaka. Wiki mbili baadaye nikamuuliza amefika wapi. "Nimesikiliza kidogo." Wote tunajua hiyo "kidogo" maana yake nini.

Wimbo pekee uliomganda kichwani ni mmoja uliojipiga wenyewe tukiwa kwenye gari, "Where Is My Mind?" wa Pixies. Jina la bendi halikumshughulisha. Alichotaka kujua ni kimoja: "Huyo dada anayeitikia kwa mbali kule nyuma ni nani?"

Ni Kim Deal, ndiye pia aliyekuwa akipiga besi. Walipokuwa wakirekodi Surfer Rosa, albamu ya 1988, Steve Albini, fundi aliyewarekodi, alimtoa chumba cha kurekodia akaenda kumwimbisha kwenye bafu la studio, ili mwangwi uwe wa kuta kweli na si wa mashine. Weka spika za masikioni utasikia sauti inavyokwenda, inagonga, inarudi. Rafiki yangu hakujua lolote kati ya hayo, lakini sikio lake lilikwenda palepale.

Ndipo nikajiona mjinga. Nilimpa majina ishirini na mawili bila hata kumuuliza anapenda kusikia nini. Orodha ile niliiandika kwa ajili yangu, ili aone najua. Siku hizi nasema: muulize wimbo mmoja anaoupenda, wa aina yoyote, na kipande gani huwa anakirudisha nyuma asikie tena. Kisha mpe nyimbo mbili. Mbili tu.

Mchangiaji wa kwanza:

Mkuu, unawadekeza watu. Nevermind ya Nirvana ilitoka Septemba 1991, ikifika Januari 1992 imemshusha Michael Jackson na Dangerous yake kutoka namba moja kwenye chati ya albamu ya Marekani. Mtu asiyepitia hapo hataelewa kwa nini bendi zote zilizofuata zilisikika vile, au zilikwepa nini. Unamruhusuje achague kipande anachokipenda kabla hajajua nyumba imejengwaje? Na hao Pixies unaowasifu, wengi wetu tuliwajua kwa sababu Kurt Cobain, mwimbaji wa Nirvana, aliwataja. Alisema mwenyewe, mahojiano ya Rolling Stone ya Januari 1994, kwamba "Smells Like Teen Spirit" alikuwa anajaribu kuwaiga: beti zinanong'ona, kiitikio kinalipuka.

Mleta mada:

Kaka, umenisaidia hoja. Wewe mwenyewe ulitoka Nirvana ukafika Pixies kwa kufuata sauti uliyoipenda. Rafiki yangu anatoka upande wa pili wa njia hiyohiyo, kuna ubaya gani?

Halafu hilo neno "mbadala" lenyewe halimwambii mtu atasikia nini. Chukua mwaka huohuo wa 1991. R.E.M. wanatoa "Losing My Religion", wimbo unaobebwa na mandolini, kila neno unalisikia. My Bloody Valentine wanatoa Loveless, magitaa yamelundikana mpaka mwimbaji anasikika kama mtu aliye chumba cha jirani. Zote mbili zinaitwa roki mbadala. Mwaka huohuo Grammy wakatoa kwa mara ya kwanza tuzo ya muziki mbadala, wakampa Sinéad O'Connor, naye akaikataa. Sasa ukimwambia mtu "anza na msingi", msingi upi hapo?

Mchangiaji wa pili:

Samahani kaka zangu, naona mnabishana kuhusu 1991 na aliyeuliza alisema wasanii WAPYA. Mmeshamuuliza, wapya kwake au wapya duniani? Hilo ndilo swali la kwanza na nyote mmeliruka.

Kama ni wapya duniani, wapo tele na hawahitaji kubebwa na wazee. Fontaines D.C. wa Dublin, anza na Romance ya 2024. Wet Leg, besi kavu na maneno ya kejeli. Kama anapenda gitaa linalokwenda bila kupumua, Mdou Moctar wa Niger, Afrique Victime ya 2021. Najua kuna atakayesema huyo si "mbadala". Sawa, mbishieni yeye; gitaa lake la kwanza alilitengeneza mwenyewe na nyuzi zilikuwa nyaya za baiskeli.

Kama ni wapya kwake, basi PJ Harvey ni mpya kwa mtu ambaye hajamsikia, japo ana tuzo mbili za Mercury, ile ya albamu bora Uingereza, ya 2001 na ya 2011. Nashangaa hakuna aliyemtaja mpaka sasa. Au sishangai.

Mchangiaji wa kwanza:

PJ Harvey nakubali, hapo umenikamata. Lakini bado nasema, mtu akianza na wa leo tu, atadhani wao ndio waliogundua kila kitu.

Mleta mada:

Na akidhani hivyo kwa miezi sita, nani anaumia?

Dada, la "wapya" umenipa somo, kweli sikumuuliza. Ila nimegundua kwamba ukifuata sauti moja unaweza kupata wapya wa aina zote mbili. Nilimpa rafiki yangu nyimbo mbili tu, zote za yuleyule dada wa bafuni. Wa kwanza "Cannonball", wa 1993, wa bendi yake The Breeders. Wa pili nilimwambia achague mwenyewe kwenye Nobody Loves You More, albamu ambayo Kim Deal aliitoa kwa jina lake peke yake Novemba 2024. Miaka thelathini na sita tangu lile bafu, na Albini amo tena kwenye baadhi ya nyimbo. Alifariki Mei mwaka huohuo, kabla haijatoka.

Usiku akaniandikia: "Huyu wa besi mwanzoni amekosea au ni masikio yangu?"

Si masikio yake. Josephine Wiggs, mpiga besi wa The Breeders, aliianza "Cannonball" kwa noti isiyo yake wakati wa mazoezi, akajirekebisha wenzake walipoingia, wakaipenda wakaiacha hivyohivyo. Nimeusikiliza wimbo huo kwa miaka na sikuwahi kulisikia hilo mpaka niliposimuliwa. Yeye kalisikia siku ya kwanza.

Nevermind bado sijampa.