Nifundisheje nguvu na kani bila maabara? Watoto wanajua kujibu lakini hawaamini

mwalimu_kayole
Habari zenu walimu na wazazi. Nafundisha sayansi shule moja huku Eastlands, darasa ni kubwa, maabara hatuna na stima kuna siku haiko. Tumeanza mada ya nguvu na kani na nimekwama pahali. Ukiwauliza kani ni nini wote wanajibu kwa sauti moja, kusukuma au kuvuta, safi kabisa. Sasa nikaweka kitabu juu ya meza nikauliza hapa kuna kani gani, kimya, alafu msichana mmoja wa mbele akasema mwalimu hakuna, kitabu kimetulia. Darasa lote likamuunga mkono. Nikiwaambia meza inasukuma kitabu juu wanaandika kwa daftari lakini ukiwaangalia usoni unaona kabisa hawajaamini, na siwezi kuwalaumu, meza haina mikono.

Sitaki wakariri wapite mtihani alafu iishie hapo. Hawa ni watoto wanateka maji asubuhi, wanasukumana kwa matatu, wengine wazazi wao ni mafundi, wanashinda na hizi nguvu kila siku. Nataka waione na waiguse. Pesa ya vifaa ni kidogo sana lakini raba bendi, chupa tupu za maji, kamba na vipande vya mbao tunaweza kupata. Nyinyi hufanyaje? Hata kama si mwalimu na una kitu cha kusema tafadhali sema.

sayansi_mtaani
Mwalimu huyo msichana mshukuru mbele ya darasa, juu amesema kitu watu wazima wengi huamini na hawasemi. Watoto hufikiri nguvu ni ya kitu chenye uhai au chenye injini, na kwamba kitu kikitulia basi nguvu zimeisha. Hapo ndo kazi iko, zile fomula zingine zote ni rahisi.

Usianze na meza. Anza na kitu kinachojipinda wazi wazi. Weka kitabu juu ya kipande cha sponji ya godoro, kinazama kidogo alafu kinasimama. Waulize mbona hakijaendelea kuzama mpaka chini? Watasema sponji inakizuia. Alafu chukua rula ndefu ilaze kati ya vitabu viwili vilivyopangwa, weka kitabu katikati, rula inapinda. Alafu ubao mwembamba, unapinda kidogo sana mpaka lazima uinamishe kichwa uone. Kila hatua waandike kwanza wanadhani nini kitatokea kabla hujaweka kitabu, hiyo usiruke, mtoto ambaye hajajifunga na jibu lake hashangai akikosa.

Sasa ndo mnafika kwa meza. Chagua dawati lenye ubao mwembamba juu, weka kipande kidogo cha kioo pale jua la dirishani linapiga, utaona doa la mwanga kwa ukuta au kwa siling. Mwambie mtoto abonyeze meza karibu na kioo. Doa linasonga! Akiachilia linarudi. Yaani meza imepinda kiasi ambacho jicho haliwezi kuona lakini mwanga unakuonyesha, na ukuta ukiwa mbali doa linasonga zaidi. Huyo msichana ndo awe wa kwanza kubonyeza. Chunga tu doa lisiingie mtu machoni. Meza inasukuma juu kwa sababu imepinda na inataka kurudi venye ilikuwa, kama sponji tu.

Ukimaliza hapo ndo uwape namba. Kani hupimwa kwa nyutoni. Kitu cha gramu 100 kina uzito wa karibu nyutoni 1, lita moja ya maji ni kilo moja, so chupa ya nusu lita ni kama nyutoni 5 na mtungi wa lita 20 ni kama nyutoni 200. Mtoto ambaye amebeba mtungi asubuhi anaijua nyutoni 200 kwa mgongo. Vitabu husema dunia inavuta kila kilo kwa nyutoni 9.8 au 10, hapa Nairobi ni kama 9.78 juu tuko karibu na ikweta na mji uko juu, lakini kwa watoto 10 inatosha.

mtu_wa_marikiti
Mimi si mwalimu, nimevuta mkokoteni Marikiti kabla nipate kazi ingine. Nataka kusema hivi, watu hudhani ile kazi ni misuli peke yake na si ukweli. Ukipakia magunia yote mbele mkokoteni unakulalia kwa mikono, ukipakia yote nyuma unakuinua kutoka chini, nimeona mtu ananing'inia pale na miguu inapiga hewa na mzigo wote unamwagika barabarani. Mwenye anajua anapanga mzigo juu ya magurudumu mpaka mbele inabaki nzito kidogo tu, alafu nguvu yako yote inaenda kwa kuvuta, haiendi kwa kubeba. Na kwa mteremko usijaribu kushindana nao. Nyuma kuna kipande cha tairi kimefungwa, unainua mbele, nyuma inashuka inasugua lami, ndo breki yako hiyo.

Mwambie mwalimu awape watoto mlango. Mtoto mdogo wa darasa asukume kwa kitasa, wavulana wawili wakubwa wasukume upande ule mwingine karibu kabisa na bawaba. Mdogo atawashinda. Hiyo hawatasahau.

fundi_wa_mjengo
@mtu_wa_marikiti umesema kweli. Mimi niongeze upande wa uimara, juu nguvu si ya kusukuma tu, pia kuna nguvu ya kitu kutovunjika na watoto huuliza hiyo sana.

Karatasi ya kawaida ya A4 ina gramu 5 hivi. Ilaze kati ya vitabu viwili, inalegea yenyewe hata bila mzigo. Sasa ikunje mikunjo midogo midogo kama mabati, mkunjo juu mkunjo chini, uilaze tena pale pale. Itabeba kalamu, itabeba daftari, endelea kuongeza mpaka ianguke na mwandike ilibeba ngapi. Karatasi ni ile ile, hujaongeza hata gramu moja, umebadilisha umbo tu. Ndo sababu mabati ya nyumba yana mawimbi, ya kulala tambarare yangeshuka katikati hata ndege akitua.

Alafu chaki, hiyo kila darasa iko. Mpe mtoto aishike kwa ncha mbili aifinye kwa urefu, haivunjiki. Sasa aipinde, paa. Ukipinda kitu upande mmoja unafinywa na upande ule mwingine unavutwa, na chaki haipendi kuvutwa. Zege ni hivyo hivyo, kufinywa inastahimili sana lakini ukiivuta inapasuka, na ndo maana kwa bimu tunaweka vyuma upande wa chini, juu mzigo ukikalia bimu chini ndo kunavutwa. Mimi kila nikiona mtu anapunguza vyuma ili aokoe pesa naumia roho, kuna watu watalala chini ya hiyo slabu. Watoto wakijua hii mapema watakuwa watu wazima wanaouliza maswali kwa mjengo.

mama_wa_mapacha
Mimi ni mzazi na nimesoma yote hadi mwisho. Wangu huniuliza mbona dere akikanyaga breki sisi wote tunaenda mbele na hakuna mtu ametusukuma. Huwa nawaambia mjishikilie. Jibu lenyewe ni gani?

fizikia_kidogo
@mama_wa_mapacha swali zuri sana hilo. Breki zinashika magurudumu, lami inasukuma magurudumu kurudi nyuma, so gari linapunguza mwendo. Lakini wewe uliyesimama hakuna kitu kimekushika isipokuwa sakafu chini ya viatu, so mwili wa juu unaendelea na ule mwendo wa kwanza. Hakuna aliyekusukuma mbele, gari ndo limebaki nyuma yako. Isaac Newton aliiweka hii kama sheria yake ya kwanza 1687. Ukijishikilia chuma cha juu, hicho chuma ndo kinakupunguza mwendo pamoja na gari, na kwa kiti mshipi unafanya kazi hiyo hiyo. Wafungeni mishipi tafadhali.

Na @mwalimu_kayole kitu kimoja cha kuchunga, nimeona vitabu kadhaa vikikichanganya. Kitabu kinavutwa chini na dunia, meza inakisukuma juu, zote mbili zinafanya kazi kwa kitabu na kwa sababu ziko sawa kinatulia. Hizo mbili si ile jozi ya sheria ya tatu ya Newton, ile inasema ukisukuma kitu nacho kinakusukuma kwa kani sawa, yaani kitendo na mwitikio. Jozi ya sheria ya tatu lazima iwe kwa vitu viwili, meza inasukuma kitabu juu, kitabu kinasukuma meza chini. Dunia inavuta kitabu, kitabu nacho kinavuta dunia. Ukiwaambia uzito na msukumo wa meza ndo kitendo na mwitikio wataenda nayo mpaka chuo na kuitoa ni ngumu.

mwalimu_kayole
Mungu awabariki. Kioo na chaki naanza navyo kesho, na mlango. @fizikia_kidogo asante kwa hiyo ya jozi, nitaichora ubaoni na mishale ya rangi mbili, moja ya kitabu ingine ya meza.

Swali la mwisho, nataka kila kikundi kitengeneze mizani yake ya kupima nyutoni kwa raba bendi, unaning'iniza chupa, unaongeza maji milimita 100 kwa wakati, sorry mililita, na unachora alama kwa karatasi iliyo nyuma. Inafanya kazi poa?

sayansi_mtaani
Inafanya kazi lakini alama hazitakuwa na nafasi sawa, raba haivutiki sawa sawa, na ikikaa na mzigo inaendelea kulegea pole pole. Si mbaya, wache wagundue wenyewe kwamba nafasi zinabadilika. Kikundi kimoja kipe springi, uliza kwa fundi yeyote wa viti au baiskeli atakuwa na ya zamani, isiwe ngumu sana. Ya springi alama zitatoshana, ukiongeza mzigo mara mbili inavutika mara mbili, mpaka ufikishe mahali imenyooka na hairudi tena. Walinganishe karatasi zao ukutani. Na chupa tupu nayo ina uzito wake, hata kama ni mdogo, so alama ya sifuri wachore chupa ikiwa tayari imening'inia kabla ya kuongeza maji.

fundi_wa_mjengo
Springi njoo uchukue kwangu bure, nitumie ujumbe hapo kando. Niko nazo za viti vya gari za kutosha vikundi viwili vitatu, zile nyembamba.