Programu za nesi za "miezi 12" Marekani ni usanii, digrii yako ya Bongo inahesabika pale tu wanapotaka kukunyima

Wakuu habari za humu. Mods naomba uzi huu msiuunganishe na zile za "nataka kwenda majuu kusomea unesi nifanyeje", huu ni wa malalamiko, povu litakuwepo na ni refu, asiye na bando apite tu.

Kwa wasiojua, kuna hizi programu zinaitwa ABSN, unesi wa haraka kwa mtu ambaye tayari ana digrii ya kitu kingine. Siyo kitu cha jana, Saint Louis University walianza na yao tangu 1971. Unaingia na digrii yako, unapigishwa unesi mtupu miezi 11 mpaka 18 kutegemea na chuo, ukitoka una bachelor ya unesi, unafanya mtihani wa leseni wa NCLEX, ukipasua wewe ni RN, nesi kamili mwenye leseni. Sasa sisi wabeba boksi wa hapa Houston, Texas tunaokesha na wazee kwa cheti cha CNA (msaidizi wa nesi) tukisikia hivyo lazima moyo udunde, maana CNA na RN wako korido moja na mgonjwa mmoja, ila mmoja anamwaga mikojo na mwingine anaandika kwenye kompyuta kwamba mikojo imemwagwa, na huyo wa kompyuta kwa saa anakunja mara mbili yako na chenji inabaki.

Mimi nyumbani nilikuwa mwalimu wa baiolojia na kemia, kidato cha tano na sita, digrii yangu ni ya sayansi na ualimu, GPA 3.8 kwenye ile skeli yetu ya 5. Nefroni naweza kuichora nimefumba macho, kuna vijana niliowafundisha tofauti ya ateri na vena leo ni madaktari wana vitambi. Kwa hiyo nilipoona tangazo la chuo kimoja binafsi (sikitaji, sitaki kesi) linasema "una digrii? kuwa RN ndani ya miezi 12" nikajaza fomu ya kuomba maelezo.

Hapo ndo simu zikaanza. Asubuhi nimetoka shifti ya usiku, hata viatu sijavua, mama mmoja anajiita mshauri wa udahili, sauti ya asali, nyuma yake unasikia kabisa watu kibao nao wanaongea na simu, anakuuliza eti unajionaje siku ya kwanza umevaa sare ya nesi. Nilidhani ni wa chuoni. Wapi! Vyuo vingi vyenye hizi programu vimeingia mkataba na kampuni binafsi za kuwatafutia wanafunzi na kampuni inakula sehemu ya ada, kwa hiyo huyo mama wala siyo mwalimu na siyo nesi, ni muuzaji. Ukimuuliza swali la maana, mfano kemia yangu ya chuo cha Tanzania inakubalika au haikubaliki, jibu ni lile lile, "tutaliangalia faili lako likikamilika". Na kukamilisha faili ndo pesa zinapotoka.

Kwanza unatakiwa upeleke digrii WES, shirika la kulinganisha digrii za nje na za huku, wakaitathmini somo kwa somo. Sawa. Ila transkripti lazima itoke chuoni kwako moja kwa moja, wewe usiiguse. Nikamtuma mdogo wangu akafuatilie chuo changu nyumbani, jamani, sitaki kuongea sana maana ni kwetu, ila kuambiwa mhusika yuko semina, mara mtandao uko chini, mara kontrol namba imekwisha muda omba nyingine, mara bahasha ishatumwa na kumbe bado iko kwenye droo, hayo yote tumeyapitia na dirisha la maombi la msimu ule likafungwa hivi hivi tunaliangalia.

Transkripti ikafika, tathmini ikatoka, WES wakaandika vizuri kabisa kwamba digrii hii ni sawa na bachelor ya Marekani. Nikafurahi. Nikapeleka chuoni.

Chuo wakasema hongera, ila masomo yako ya sayansi ni ya zamani, wao wanataka yasiyozidi miaka 5. Halafu fiziolojia uliyosoma haikuandikwa kwamba ni ya binadamu. Kwa hiyo rudia anatomia na fiziolojia ya kwanza, kisha ya pili, na mikrobaiolojia, zote na maabara, ongeza kemia, takwimu, lishe, na saikolojia ya makuzi. Na huwezi kuzirundika pamoja maana ya pili huruhusiwi mpaka umalize ya kwanza. Yaani mwalimu mzima niliyekuwa nasimamia praktiko za NECTA nimekaa komyuniti koleji na vitoto vya miaka 18 tunaonyeshwa jinsi ya kushika darubini. Nilipata A, na nani asingepata.

Nikasema basi ngoja nijaribu chuo cha serikali labda watakuwa na utu. Huko nako kuna kali zaidi. Texas wana sheria kwamba huwezi kupewa bachelor na chuo cha umma bila kuwa na krediti 6 za historia ya Marekani na krediti 6 za serikali na katiba, ikiwemo katiba ya Texas. Digrii yako ya nje haina hivyo vitu, ni wazi itakuwa nayo vipi, kwa hiyo ukitaka kujifunza kuchoma sindano anza kwanza na vita vya Alamo vya 1836, Texas wakipigania uhuru toka Mexico. Mgonjwa presha imeshuka we unamsimulia jenerali wao Sam Houston.

Sasa sikilizeni hii ndo iliyonifanya niandike uzi. Nikajaza FAFSA, ile fomu ya kuomba msaada wa ada serikalini, kwa sababu green card ninayo, na serikali ina ile ruzuku ya Pell ambayo hulipi. Nikanyimwa. Sababu? Kwa sababu nina digrii! Pell ni ya mtu ambaye hajawahi kuwa na bachelor, na ya nje ya Marekani nayo inahesabika. Mmeelewa lakini? Digrii ile ile. Mlangoni kwa chuo ni kuukuu haifai, sayansi yake imechacha, dirishani kwa pesa za serikali ghafla ni digrii kamili yenye heshima zote na kwa sababu hiyo hupati kitu. Nikamwuliza dada wa ofisi ya fedha, sasa dada angu ni digrii au si digrii, akacheka akasema "naelewa unavyojisikia". Huelewi!

Unabakiwa na mkopo wa serikali, ambao kwa mtu mzima anayejitegemea mwisho ni dola 12,500 kwa mwaka wa masomo, wakati hizi programu kwenye vyuo binafsi nyingi zinapita dola 50,000. Salio unalitoa wapi, unakimbilia mkopo wa benki binafsi wenye riba ya kukutoa jasho na wanataka mdhamini mwenye historia ya mkopo, na sisi tuliokuja na sanduku moja juzi mdhamini tunamtoa wapi. Na usisahau wanakwambia kabisa usifanye kazi ukiwa kwenye programu, masomo na klinikali (mafunzo ya vitendo hospitalini) zinakula wiki nzima. Kodi ya nyumba italipwa na nani, Alamo?

Mitihani ya kuingilia nayo ni biashara nyingine. Chuo hiki kinataka TEAS, jirani yake anataka HESI, ukiomba vyuo viwili umelipa mitihani miwili na vitabu viwili. TEAS ni maswali 170 kwa dakika 209, siyo migumu, ila kuna zile hesabu za kubadilisha vipimo. Mtu umekulia kwenye lita na kilo, unakuta aunsi, painti, kwota, galoni, fahrenheiti. Kwa wanaojiandaa shikeni hizi, kilo 1 ni ratili 2.2, aunsi 1 ya maji ni kama mililita 30, kijiko cha chai mililita 5, mtazikuta mpaka kwenye dozi za dawa. Na HESI wanapenda kutupia namba za Kirumi na saa za kijeshi. Juu ya hapo chuo kikasema nifanye TOEFL, mtihani wa Kiingereza, mtu niliyefundishwa na kufundisha kwa Kiingereza tangu sekondari, kisa nchi yangu haimo kwenye orodha yao. TOEFL yenyewe inakufa baada ya miaka 2. Hiyo miaka 2 ikumbukeni.

Nikapita. Nikapewa nafasi ya masharti, nikalipa depoziti isiyorudishwa, likaanza sasa suala la kupakia vyeti. Alama za vidole kwa ajili ya Bodi ya Manesi ya Texas mpaka wakutumie ile kadi ya bluu kwamba umepita ukaguzi wa jinai. Cheti cha CPR (kushtua moyo uliosimama) lazima kiwe kile cha wahudumu wa afya. Chanjo ya homa ya ini B, ile ya kawaida ni sindano 3 na inachukua miezi 6, usipowahi mapema imekula kwako, ila ipo ya sindano 2 zinazopishana mwezi mmoja, ulizia hiyo.

Halafu TB. Wote humu tuliozaliwa Bongo tuna kovu la BCG, chanjo ya TB, begani. Ukichomwa kile kipimo cha ngozi mkononi, siku mbili tatu baadaye nesi anakuja na rula anapima uvimbe, na mtu mwenye BCG unaweza kuvimba vizuri tu wakati huna TB yoyote. Kazini nilishapitia hilo, nina kipimo cha damu cha QuantiFERON ambacho hakichanganywi na BCG, na kipo safi. Nikapakia. Mfumo ukakataa, umeandikwa "kipimo cha ngozi". Nikapiga simu. Binti akaniambia nichome tu cha ngozi "kwa ajili ya rekodi". Nikachoma, nikavimba, nikaambiwa sasa umetoka chanya nenda kapige X-ray ya kifua kwa pesa yako. Wakuu, hawa ndo wanaofundisha manesi!

X-ray safi. Kila kitu kijani kwenye mfumo. Na wiki hii naletewa imeili kwamba nafasi za klinikali kwenye mahospitali hazikutosha kwa hiyo baadhi yetu tumesogezwa intake inayofuata, depoziti "itahamishwa" siyo kurudishwa, na kwa kuwa TOEFL yangu itakuwa imeisha muda kabla ya tarehe mpya tafadhali nifanye nyingine. Tafadhali!

Na haya mambo ya nafasi kutotosha wanayajua toka mwanzo. Chama cha vyuo vya unesi cha Marekani, AACN, wenyewe walitangaza kwamba mwaka 2023 maombi 65,766 yenye sifa zote yalikataliwa, sababu walimu hawatoshi, sehemu za klinikali hazitoshi, bajeti hakuna. Sasa kama viti hamna kwa nini yule mama ananipigia asubuhi na sauti ya asali? Ni kwa sababu depoziti inalipwa kabla kiti hakijapatikana, hakuna kingine.

Nyie mnaojirekodi na sare mbele ya gari mnasema "nesi miezi 12 njoo piemu nikuunganishe" nanyi mnahusika, semeni basi miezi hiyo inaanza kuhesabiwa ukishakaa darasani, na kabla yake kuna miaka.

NYONGEZA: naona mnakuja kwa kasi, najibu kwa pamoja.

Mnaoniambia nirudi kufundisha, ushauri umepokelewa, umetupwa.

Aliyekuja piemu na habari za "chuo cha Florida unalipa unapewa cheti unafanya NCLEX", kaka nenda kasome kesi ya Januari 2023, watu 25 walishtakiwa kwa kuuza diploma feki za unesi zaidi ya 7,600 kutoka vyuo vitatu vya huko huko Florida, na manesi waliozinunua wakaanza kunyang'anywa leseni. Usinitafute tena.

Aliyeshauri ADN (digrii ndogo ya unesi) ya miaka 2 komyuniti koleji kisha kumalizia bachelor ukiwa tayari RN, hilo nalifikiria kweli, NCLEX ni ile ile na ada ni ndogo mno. Masomo yangu ya sayansi ya hapa bado mabichi. Mwenye uzoefu wa foleni zao za Houston aseme.

Wanaouliza jinsi ya kukagua chuo: angalia kama kina ithibati ya CCNE au ACEN (hao ndo wanaokagua programu za unesi), halafu ingia kwa Bodi ya Manesi ya Texas wanaweka hadharani asilimia ya wanaofaulu NCLEX kwa kila chuo. Na muulize mshauri anayekupigia mshahara wake analipwa na nani. Mimi nilipouliza simu ilikata.

Swali langu kwenu ni moja: kuna mtu aliwahi kudai depoziti ya chuo ikarudi? Alianzia wapi, kwa mwanasheria au Texas Higher Education Coordinating Board (bodi ya elimu ya juu ya jimbo)? Imeili zao zote ninazo.