Nimeporwa kibodi kwenye warsha ya kuhamasisha wasichana!

Wanajukwaa, hasira bado haijanitoka. Simtaji kwa sababu mnamjua: ni yule anayealikwa katika kila warsha ya kuwahamasisha wasichana wasome kompyuta, ambaye hotuba yake huanza betri ikiwa imejaa na kwisha kompyuta imezimika yenyewe. Leo, mara tu baada ya kutuhubiria kwamba "uwanja ni wenu, mabinti", alinikuta nimeinamia programu iliyogoma kwa kukosa mabano ya kufunga, hitilafu ambayo nilikwisha kuiona, akaivuta kibodi na kusema, "Lete hapa, binti, usije ukaharibu." Usije ukaharibu! Programu niliyoiandika mwenyewe kuanzia mstari wa kwanza! Akafuta kitanzi kizima, yaani ile sehemu ya programu inayojirudia, akachapa kwa vidole viwili hadi nikahisi naota mvi, na programu ikagoma vilevile. Mwanamke mwenzangu Grace Hopper aliandika kompaila, yaani programu ya kutafsiri maelekezo kwenda lugha ya mashine, mwaka 1952. Mimi leo siaminiwi hata kufunga mabano. Kisha akaniomba nimpige picha akiwa "anawawezesha wasichana", kibodi yangu ikiwa mapajani mwake. Mikononi mwangu aliitoa, jamani!

Mzee wa Seva: Pole, mleta uzi, lakini uliiachiaje? Mimi ningeikumbatia mpaka tuzikwe pamoja.

Mleta uzi: Ilikuwa na waya, mkuu, na waya ulikuwa upande wake.

Bi Nukta: Afadhali wewe uliyenyang'anywa, maana uliigusa. Katika kazi za kikundi mimi hupewa kuandika ripoti kwa sababu eti nina mwandiko mzuri, ilhali ripoti yenyewe huchapwa.

Msoma Historia: Wanawake sita ndio walioiandalia ENIAC, moja ya kompyuta za kwanza za kielektroniki, programu, na ilipooneshwa hadharani mwaka 1946 sifa zilikwenda kwa wengine. Wewe walau umepiga picha.

Mleta uzi: Nimeipiga, simo ndani yake!

Mzee wa Seva: Kwani hiyo programu ilikuwa ya nini?

Mleta uzi: Ya kupanga alama za mtihani, lakini hoja ni kibodi.

Dada wa Data: Mnazungumzia kibodi wakati sisi hata mlangoni hatufiki? Ufunguo wa maabara ya kompyuta anao kaka mmoja, na msichana akiuomba huulizwa anakwenda kufanya nini humo.

Bi Nukta: Kumbe na kwenu? Wa kwetu hutaka kwanza barua ya mwalimu.

Dada wa Data: Barua! Hebu fungua uzi wake, tuje huko.