Kufuta faili za mfumo kwenye PinePhone

Mkaaji wa Kadutu, Bukavu: Ndugu zangu, simu yangu ya PinePhone ya GB 16, inayotumia Mobian (mfumo wa Linux wa simu), imebakiwa na MB 300 tu. Je, naweza kupunguza faili za mfumo bila kuiharibu?

Fundi wa Ibanda: Anza na amri ya «apt clean», ambayo huondoa nakala za vifurushi vya programu vilivyopakuliwa na kuziacha programu zenyewe salama. Usiguse kwa mkono folda ya /boot, yenye faili za kuwasha simu. Mimi nilifuta humo kerneli (kiini cha mfumo) iliyokuwa ikitumika, na simu haikuwaka tena mpaka nilipoanzisha mfumo mwingine kutoka kadi ya SD, uliomaliza mega zangu zote kuupakua.

Mwanafunzi, Goma: Kwa amri ya «apt autoremove», inayoondoa vifurushi ambavyo mfumo unaona havihitajiki tena, soma orodha yote kabla ya kukubali. Mimi nilikuta humo programu inayoendesha modemu, yaani kifaa kinachounganisha simu na mtandao.

Mkaaji wa Kadutu: MB 900 zimerudi. Aksanti, fundi.