Pweza kataga ndani ya tangi langu, vitoto nitavilisha nini?

Mwani_Paje
Asalam aleikum jamani. Mie nipo Paje, nna tangi la lita mia mbili sebuleni, maji nachota baharini mwenyewe. Ndugu yangu kaokota dumu bovu kwenye shamba la mwani, ndani mna pweza jike, kaja nae kwenye ndoo nkamtia tangini na dumu lake hivo hivo. Sasa kumulika na tochi ya simu naona juu ndani ya dumu kuna mayai yamening'inia vishada vishada, meupe, madogo kuliko punje ya mchele, na yale ya karibu na mdomo wa dumu ukitizama vizuri yana vitone viwili vyeusi, ndo macho hayo! Nimeshindwa kulala natizama tu. Mama nampa kaa hataki, anamsukuma nje na mnyiri. Suali langu, vitoto vikitoka nivilishe nini, na nivihamishie tangi jengine au vibaki na mama yao? Nataka kuvilea hasa mpaka vikue, watoto wa mtaani washaanza kuja kuangalia.

FundiTangi
Waaleikum salam. Huyo mama kukataa chakula usishtuke, haumwi. Pweza jike akishataga ndo basi tena hali, kazi yake kuyapulizia mayai maji na kuyapangusa na minyiri yasishike uchafu, yakishaanguliwa nae anakufa. Anazaa mara moja tu maishani. Huyo kaa mtoe, akioza amonia inapanda na mayai yote yanaharibika.

Sasa vitoto. Huyu wa miamba yetu, wataalamu wanamwita Octopus cyanea, vitoto vyake havitambai. Vikitoka tu vinapanda juu vinaelea, hata milimita tano havifiki, vinachukuliwa na mkondo wiki kadhaa ndo vinashuka chini kutafuta shimo. Na vinatoka malaki! Tangini vitagonga kioo, vitavutwa na filta, na chakula chao lazima kiwe hai kinacheza mbele ya macho yao, vitoto vya kaa na kamba vilivyoanguliwa karibuni, dagaa wa kusaga havigusi. Utapata wapi vitoto vya kaa vya kulisha malaki kila siku? Ushauri wangu mrudishe na mayai yake kabla hayajaanguliwa.

kijana_wa_Wete
Mbona Marekani watu wanavilea majumbani? Nimeona video vitoto vinakimbia chini ya tangi vinakamata vidudu, vizima kabisa

FundiTangi
Hao pweza wengine ndugu yangu. Kuna wa California, Octopus bimaculoides, na kuna wa Yucatan kule Meksiko, Octopus maya, hawa wanataga mayai machache na makubwa, kitoto kikitoka ni pweza kamili siku hiyo hiyo, kinatambaa kinajificha kinawinda. Hapo unaweza kulea, tena kila kimoja kopo lake maana vikiwekwa pamoja vinalana. Ila wa mayai madogo ni kazi ya maabara. Wajapani mwaka 1963 waliweza kuwafikisha vitoto vya pweza wa aina nyengine mpaka vikashuka chini, kwa kuvilisha vitoto vya kamba, na mpaka leo wenye mapampu na wataalamu wao bado vinawafia vingi mno.

Bi_Makunduchi
Mwanangu mie nachokoa pweza tangu sijaolewa, bamvua likitoka na mie natoka na mkonjo wangu. Mwenye mayai namjua, kajizibia mlango kwa mawe, hata umtekenye hatoki, na huyo namuacha. Ukimuondoa mama samaki wanayamaliza mayai papo hapo. Kisiwa Panza kule Pemba watu wamekaa miezi hawachokoi, wamefunga mwamba wao ili pweza akue na azae, njaa wamevumilia, sasa nawe mwanangu malaki yote hayo yafie sebuleni kweli? Mrudishe.

Mwani_Paje
Nimekufahamu Bi, ahsante sana. Imeniuma lakini ntamrudisha, watoto ntawaita waje wamuone kwanza. Fundi nambie namna ya kumbeba, na siku nikitaka pweza wa kufuga nichukue yupi?

FundiTangi
Dumu usilitoe nje ya maji hata kidogo, ndoo iingie ndani ya tangi uitelezeshe humo humo, ufunike na kitambaa awe gizani asimwage wino maana ndooni wino unamziba mwenyewe. Nenda asubuhi jua halijawa kali, lilaze pale pale lilipookotwa, mdomo uelekee upande ule ule, ulikandamize kwa mawe mawili lisibiringike. Kisha ondoka, usimchungulie chungulie.

Wa kufuga tafuta mdogo ambae keshashuka chini, anaejificha kwenye kombe, mmoja tu, na kama tangini mna samaki uwahamishe kwanza maana atawatafuna. Kifuniko kizito chenye kufunga, popote mdomo wake unapopita na yeye kapita. Dawa za samaki zenye shaba usitie kabisa, zinamuua. Na pampu ya betri uwe nayo, umeme ukikatika usiku pweza hawezi kungoja mpaka asubuhi.

Bi_Makunduchi
Na ukimchoka usimpike, mrejeshe mwambani.