Naomba ushauri: video niliyoirusha imemponza kondakta

Ndugu wanajamvi, naomba mnisaidie kwa busara zenu.

Mwezi uliopita, kituoni hapa Dar es Salaam, nilimwona kondakta wa daladala akimzuia mlangoni binti mdogo wa shule, aliyekuwa ameshika sarafu ya shilingi 200 kiganjani, nami kwa uchungu wa mzazi nikarekodi na kuirusha kwenye makundi ya WhatsApp. Kufikia jioni watu nisiowafahamu walikuwa wakisambaza sura ya kondakta huyo, namba yake ya simu na mtaa anaoishi, wengine wakitaka apigwe. Siku ya tatu tajiri wa gari akamwachisha kazi.

Kosa lake silitetei, kwa kuwa wanafunzi wananyanyasika kila asubuhi, na tajiri anayedai hesabu kamili jioni ndiye anayemfanya kondakta amwone mwanafunzi, anayelipa nauli pungufu, kuwa hasara. Lakini huyo tajiri hakuna aliyemtaja. Ningepeleka namba ya gari LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, huenda mwenye gari naye angewajibishwa. Badala yake nimemwangusha mtu mmoja, na kesho yake watoto walikuwa bado wamesimama palepale.

Video nimeifuta kwangu, ila inaendelea kuzunguka. Je, nimtafute nimwombe radhi, au nitaonekana ninawasaliti wanafunzi? Na kwa wanaoifahamu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, je, ninaweza kuwajibika kwa kuonyesha sura yake bila ridhaa?