Nimelipia Mbps 20 ila inashusha 2.4 tu, nimepigwa?

Wakuu habari. Nyumbani nimefungiwa intaneti ya Mbps 20, sasa nikishusha faili kwenye kompyuta brauza inaniandikia 2.4 MB/s na haipandi hapo hata usiku wa manane, nimepiga simu huduma kwa wateja wananiambia spidi iko sawa. Hiyo iliyobaki inaenda wapi?

fundi_waya: Hujapigwa mkuu. Angalia hiyo herufi b, ndogo ni biti, kubwa ni baiti, na baiti 1 ina biti 8. Kampuni zinauza kwa megabiti, brauza inakuonyesha megabaiti, kwa hiyo 20 gawa kwa 8 unapata 2.5. Hiyo 0.1 iliyopungua ni kawaida kabisa, kila pakiti ya data inabeba na anwani ya ilikotoka na inakoenda nazo zinakula nafasi. Ila wangekuelezea tu kwenye simu, wateja wengi hawalijui hili.

aliyeuliza: Duh, asante sana. Kwa hiyo faili la GB 3 ni 3000 gawa kwa 2.4, sekunde 1250, kama dakika 21 hivi?

mama_seva: Sawa, ila kama hiyo GB 3 umeisoma kwenye Windows ongeza kidogo, yenyewe inahesabu kwa 1024 wakati kwenye spidi ni 1000, faili lako kiukweli ni baiti bilioni 3.22 so weka dakika 22 na ushee.